Sita kwa Kila Kumi

Oga Ekanem, bosi wa ofisi, alikuwa na tabia ya kula samaki juu ya karatasi za kazi. Si pembeni mwa karatasi, juu yake hasa. Anaitandaza ripoti mezani kama kitambaa, anafungua bole yake, ndizi za kuchoma na samaki aliyeogeshwa mawese na pilipili, na mafuta yanachuruzika hadi ukurasa wa tatu. Miiba anaitemea kwenye kikombe cha karatasi. Kikombe kikijaa anakitikisa, miiba inashuka, nafasi inapatikana, anaendelea. Ofisi nzima pale Trans-Amadi iliyajua hayo, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kutazama kando. Belema Opuiyo alizoea kutazama dirisha. Lakini dirisha nalo lilikuwa limevaa masizi ya Port Harcourt, ukipitisha kidole kinatoka cheusi kama umetoka kusugua sufuria. Kwa hiyo Jumanne ile hakuwa na pa kuweka macho.

"Binti yangu," Oga akasema, shavu moja limejaa, "hii tisini na mbili umeiokota wapi?"

"Sijaiokota, Oga. Ndivyo modeli inavyosema."

"Modeli." Akanyofoa jicho la samaki kwa ukucha, akalifyonza. "Modeli inasema ulichoiambia iseme."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kisima cha Tisa, kule Asarikiri, kilikuwa kimefungwa wiki tatu kwa matengenezo. Kisima cha gesi kikiwa wazi, gesi inapanda kwa kasi na kubeba maji na mafuta mepesi mgongoni. Ukikifunga, gesi inatulia, na majimaji yote yaliyokuwa yameng'ang'ania ukutani mwa bomba yanateremka na kujikusanya chini, yanakaa kama tumbo la mtu aliyekula harusi mbili siku moja. Siku ya kukifungua, gesi inayasukuma yote kwa mpigo, na kisima kinatapika. Funda hilo linakuja mbio mpaka kituoni, linaingia kwenye tangi la kutenganisha gesi na majimaji. Tangi la Asarikiri lina nafasi ya mapipa sabini, basi. Yakizidi, mafuta yanafuatana na gesi hadi kwenye mnara wa moto. Yanayokubali kuwaka yanawaka. Yanayokataa yananyesha.

Kazi ya Belema ilikuwa kuvitapisha visima ndani ya kompyuta kwanza, ili visije vikatapika ovyo huko nje. Unaiambia programu bomba lina urefu gani, upana gani, joto gani, gesi kiasi gani na maji kiasi gani, unabonyeza, unakwenda kutafuta chai. Ukirudi, mistari imejichora yenyewe na umejua funda litakuwa kubwa kiasi gani. Safari hii ilisema mapipa tisini na mawili. Maana yake kisima kifunguliwe kidogo kidogo kwa siku mbili. Na Oga Ekanem alikuwa na wageni wakubwa Ijumaa, waliotaka kuona gesi ikitoka asubuhi na kula mchana.

"Watu hawatoki Abuja kuja kutazama bomba likisinzia," Oga akasema. "Nataka karatasi yenye sahihi yako. Kufungua kwa saa moja, funda chini ya sabini."

"Asarikiri itanyeshewa tena, Oga."

"Asarikiri ilinyeshewa kwa sababu ya mlevi."

Hapo Belema hakubisha, maana naye aliamini hivyohivyo. Miaka mitatu nyuma, siku ya Kisima cha Nne, alipelekwa kule kuangalia. Aliona mabwawa ya kambale yamevaa utando unaong'aa rangirangi, na kambale wamekuja juu, midomo wazi, sharubu zimegandamana, tumbo juu. Akina mama walikuwa wanawachota kwa nyavu na kuwarundika, na rundo lilikuwa linatoa povu. Harufu iliingia kwenye nywele, alilazimika kufumua misuko aliyosuka siku iliyotangulia. Tangu hapo kambale hapiti kooni mwake. Na aliyesababisha yote, ofisi ilikubaliana, ni msimamizi wa kituo, Wobodo, aliyefungua vali kama mtu anayefungua bia. Wakamfukuza.

Wobodo huyohuyo sasa alikuwa nje ya geti la Kampuni, anachoma bole na mkewe, Mama Chisa. Watu wana njaa kuliko aibu, kwa hiyo waliomfukuza ndio waliokula kwake kila mchana, na kumwita Bwana Mvua. Jina hilo lilitoka kinywani mwa Belema mwenyewe, siku ya kuzaliwa ya rafiki yake Preye, na watu walicheka mpaka mtu akamwagia keki kinywaji. Belema alinunua pale kama wengine, ila hakumtazama mtu yule usoni. Alitazama mikono yake, akawaza kambale, akasonya kimoyomoyo.

"Na mimi," Oga akaendelea, "nina modeli yako ya zamani, ile ambayo ofisi yote inatumia. Nimeijaribu kwa Kisima cha Tisa. Unajua imesema ngapi?" Akachomeka kiflashi chake kwenye kompyuta ya Belema kwa vidole vilevile vya mawese. "Hamsini na tano."

Belema akatazama. Kweli, hamsini na tano. Bomba ni lilelile, gesi ileile.

Lazima tuseme jambo moja hapa. Katika ofisi ile hakuna aliyetengeneza modeli kuanzia sifuri. Unachukua faili ya kisima cha jirani, unabadilisha jina, urefu na joto, unahifadhi, umemaliza. Faili ya kisima kimoja ilikuwa mama wa faili zote. Belema alijenga mpya safari hii kwa sababu moja tu: umeme ulirudi kwa hasira mwezi uliopita, ukaiunguza kompyuta yake na kila kilichokuwamo. Ilimchukua siku tisa, na Preye alimcheka kila siku.

Akaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Oga alitafuna pembeni yake, karibu mno, pumzi yenye pilipili ikimgonga sikio. Ukurasa wa kumi na moja wa faili ya zamani akakuta namba iliyojikunja pembeni: 0.6. Namba ya kuzidishia majimaji yaliyoshikilia bomba. Kila mapipa kumi yaliyomo kisimani, kompyuta inaambiwa ihesabu sita. Mbele yake mtu ameandika: *Usiguse. Imelinganishwa na kipimo.*

Damu ilimchemka. Huu ulikuwa uchafu anaoujua. Kuna wanaoigiza visima kwenye kompyuta ambao mistari yao ikikataa kukaa juu ya nukta za kipimo, hawaulizi kipimo kina nini. Wanatafuta namba moja isiyotazamwa na watu, wanaikaba koo mpaka mstari unatii.

"Huu ni uhuni," akasema. "Oga, hii si hesabu, huyu mtu amefagia takataka akazifunika na mkeka. Nani mpumbavu aliyefanya hivi? Mtu wa namna hii hata mikono hapaswi kupewa."

Oga Ekanem akacheka mpaka kipande cha ndizi kikamtoka na kutua kwenye kibodi. Hakukiokota.

"Shuka chini," akasema. "Soma."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, faili ilikuwa imeandika yenyewe jina la aliyebadilisha mara ya mwisho namba ile, na tarehe. *B. Opuiyo.* Miaka mitano iliyopita. Ijumaa, saa kumi kasorobo alasiri.

Ijumaa ile ikamrudia nzima nzima, kama chakula kilichoharibika. Mwaka wake wa kwanza kazini. Harusi ya dada yake kesho yake, kitenge cha sare kiko kwa fundi, na fundi anafunga saa kumi na moja. Mstari unapita juu ya nukta, nukta zimekaa chini, haukubali kushuka. Na barua ya vijana wa kipimo ipo mezani, aliisoma kwa macho yake: *Mita imezibwa na nta, msitumie namba hizi, tutarudia.* Walipiga na picha. Ndani ya mita kulikuwa na nta ya kahawia, nene, yenye vinyweleo, kama kitu kilichotolewa kwenye sikio la ng'ombe. Aliitazama picha, akaona kinyaa, akaifunga. Akaandika 0.6. Mstari ukashuka ukalala juu ya nukta, mtiifu. Akaandika *Usiguse*, akakimbilia kwa fundi.

"Visima vingi vilikuwa vikavu, haikuonekana," Oga akasema taratibu, akichokonoa jino kwa kona ya ripoti. "Cha Nne kilikuwa na maji. Sasa fikiri vizuri, binti yangu. Kama namba hii ni mbaya, basi aliyewanyeshea Asarikiri ni wewe. Kama ni nzuri, weka sahihi. Chagua, mimi nakwenda kunawa."

"Umeijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Ningekuwa mtu mbaya ningekwishasema." Akatabasamu, na kati ya meno kulikuwa na gamba la samaki.

Belema aliwahi chooni kabla yake. Choo cha ghorofa ya pili ni kile ambacho watu huingia wamebana pua, maji hayapandi tangu Pasaka, na ndoo ina utando wake. Siku hiyo hakubana pua. Alishika sinki kwa mikono miwili akangoja, lakini hakuna kilichotoka, alitema mate machungu tu. Kwenye kioo aliuona uso ambao siku zote ulikuwa umekunjwa kwa ajili ya wengine: Oga na miiba yake, Wobodo na mikono yake. Alijaribu kuukunjua. Haukukunjuka.

Alishuka ngazi, akatoka getini.

Kibanda kilikuwa kimefurika kama kawaida ya saa saba: madereva, wahasibu, walinzi wa zamu mbili, Preye katikati ya benchi anamwaga umbea wa bosi wa manunuzi na mke wake wa siri wa Eleme. Moshi unaingia machoni, mawese yanachemka, kila mtu anasema kwa sauti kubwa kuliko jirani yake.

"Bwana Mvua!" dereva mmoja akapaza. "Vipi leo, nibebe mwavuli?"

"Beba na sahani yako," Wobodo akajibu bila kuinua kichwa, akipepea makaa. Miaka mitatu ya utani uleule, jibu lilelile, wakacheka.

"Shoga, sogea hapa!" Preye akamwita Belema. "Umekosa nusu ya habari."

Belema hakusogea. Alisimama mbele ya jiko, moshi ukimpitia.

"Wobodo," akasema.

Pepeo likasita. Hapo kibandani jina hilo halikuwa limeitwa na mtu wa Kampuni hata mara moja.

"Siku ya Kisima cha Nne ulifungua vali kiasi gani?"

"Samaki mkubwa au wa kati, madam?"

"Nakuuliza."

"Nilikwishaulizwa. Na watu saba, mezani, na maji ya chupa. Wewe ulikuwa wa nne kutoka kushoto, ulikuwa unaandika." Akageuza samaki. "Robo. Niliwaambia robo, na leo ni robo. Kama karatasi yenu ilivyosema."

"Halafu?"

Wobodo akamtazama, kisha akawatazama waliokuwa wameacha kutafuna. Labda aliona kitu usoni mwa Belema, labda alichoka tu.

"Halafu bomba likaanza kugugumia. Halikuwa likivuma, lilikuwa linagugumia kama mtu anayetaka kutapika na kajibana mdomo. Nikamwambia mwenzangu hili si funda la mapipa arobaini na nane. Tangi likajaa dakika nne. Nikaanza kufunga, vali ile ni nzito, mpaka inafika mwisho mapipa kama kumi yalishapita juu. Hata ushahidi wangu hawakuuandika wote. Walisema kompyuta haijalewa, mimi ndiye ninayeweza kulewa. Mimi ni Msabato, madam. Sijaonja."

Sabini tangini na kumi mnarani, jumla themanini. Na karatasi yake ilisema arobaini na nane. Belema hakuhitaji mashine ya kuhesabu. Ilikuwa sita kwa kila kumi, haikupungua wala kuzidi.

Akasema yote palepale, mbele ya kibanda kizima. Alisema nta, barua, fundi, harusi, namba. Alisema kwamba karatasi aliyopewa Wobodo ilikuwa na uongo ndani yake na aliyeuweka ni yeye. Preye alikuwa ameshika ndizi karibu na mdomo, akasahau kuitia.

"Ati sare ya harusi," mlinzi mmoja akanong'ona. "Jamani."

Mama Chisa, aliyekuwa anakatakata vitunguu, akaweka kisu chini.

"Kanisani watu walituhama benchi," akasema polepole. "Wale wa Asarikiri, tunasali nao. Tukikaa, wanasimama. Mume wangu alikuwa anaimba besi, wakasema sauti yake inawatia kichefuchefu." Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Na lile jina. Lile jina nani alimbatiza?"

Wakamtazama Preye, Preye akatazama chini.

"Mimi," Belema akasema.

Mama Chisa akatema mate. Hakumtemea Belema, aliyatemea pembeni, majivuni, na yakaungua. Lakini macho yalikuwa kwa Belema.

"Mama Chisa, tulia," Wobodo akasema. Kisha, bila kumtazama Belema: "Maneno ya kibandani yanapeperuka na moshi, madam. Andika. Andika kama ulivyosema hapa, usipunguze, usiongeze machozi. Na ile namba iwemo." Akapepea makaa mara mbili. "Na Kisima cha Tisa? Wanafungua lini?"

"Ijumaa. Kwa saa moja."

"Wana wazimu. Kimelala wiki tatu! Kile kifunguliwe kama unavyomfunulia mtoto shuka. Unatoa kidogo, unasimama, unaweka mkono bombani. Likigugumia, usiendelee."

Wakati huo geti likalia, Oga Ekanem akatokea, mikono imenawa, kitambaa shingoni, anatafuta raundi ya pili.

"Samaki wangu tayari?" akauliza.

"Tayari, Oga," Mama Chisa akasema. "Nikufungie kwenye ripoti ipi?"

Benchi zima likaangua kicheko, madereva wakajipiga mapaja. Oga akacheka nao nusu, kisha akaona Belema amesimama wapi, nusu ile ikafia mdomoni.

Belema aliiandika barua saa nane, aliituma saa nane na nusu, kwa Oga, kwa wakuu wa Oga, na kwa wageni wa Ijumaa mmoja mmoja. Aliambatisha faili zote mbili na picha ya nta, iliyobaki kwenye jalada la barua za zamani. Alipobonyeza, Oga alikuwa mlangoni.

"Umejimaliza," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu mdomoni. "Na kwa nini? Kwa ajili ya mchoma ndizi?"

"Futa kibodi yangu, Oga. Kile kipande cha ndizi bado kipo."

Ijumaa wageni walikuja, maana tiketi zilikwishakatwa. Walisimama juani Asarikiri saa nne wakitazama vali ikifunguliwa kwa upana wa ukucha, wakala wali wao kimya, wakaondoka wamenuna. Kisima kilitapika kwa awamu, hadi Jumamosi jioni. Jumla ikawa mapipa themanini na tisa. Tangi liliyanywa kwa mafunda madogo, mnara ukawaka mweupe, hakikunyesha kitu. Asarikiri hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa kwenye mabwawa yao, wanalisha kambale.

Barua ya kusimamishwa kazi ilimkuta Belema Jumatatu asubuhi. Wobodo alipata ya kuitwa tena mbele ya watu saba, na aliisoma kwa sauti kibandani, mara mbili, watu wakamtania avae tai. Lakini kabla hawajamnyang'anya kompyuta, Belema alitafuta kitu kimoja: ile faili mama ilikuwa imekwenda wapi na wapi. Orodha ikashuka, ikashuka. Warri. Eket. Bonny. Ofisi mbili Lagos. Wengine walikuwa wamehama Kampuni wakaibeba, kama mtu anavyobeba kikapu cha mama yake. Faili arobaini na moja, na chini ya kila moja, kwa herufi ndogo, jina lake. Ilikuwa kama kukuta mate yako mwenyewe kwenye vikombe vya watu arobaini na mmoja, nao wanakunywa.

Mchana huo alikaa kwenye benchi la kibanda, simu mkononi, orodha gotini. Mama Chisa aliwahudumia wa kushoto kwake na wa kulia kwake, akamruka. Mawese yalinukia, tumbo lilimlia, na nyuma yake Wobodo alipepea makaa, sikio limesimama.

"Haloo, Warri?" akasema. "Injinia, hunijui. Fungua faili yako ya visima. Ukurasa wa kumi na moja." Akangoja. Preye, dereva, walinzi, wote walikuwa wameinama kumsikiliza. "Ndiyo. Pana namba, na mbele yake pameandikwa usiguse. Umeiona?"

Akasikiliza.

"Hapana, hakuwa mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni mimi. Hapohapo. Gusa."